Matunzo ya mwenza baada ya talaka: tuanze na kifungu cha 116

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ikitajwa tu, mjadala hukimbilia umri wa kuolewa. Ni haki yake, maana Mahakama ya Rufani ilishaamua Oktoba 2019 kwamba vifungu vya 13 na 17, vinavyohusu umri huo, vinakwenda kinyume na Katiba. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, kuna vifungu kumi, kuanzia cha 115 hadi cha 124, ambavyo havisemwi sana ingawa vinamgusa kila anayetoka mahakamani na talaka yake mkononi. Ndivyo vinavyoamua kama mwenza wa zamani atalipa matunzo, atalipa kiasi gani, mpaka lini, na asipolipa afanywe nini.

Wengi wanaotaka vifungu hivi virekebishwe huanza na swali la nani alipe: kwa nini mume abebe zaidi ya mke? Swali ni halali na nitalifikia. Ila kwa ninavyoliona jambo hili, madai mengi ya matunzo hayaangushwi na jinsia ya anayedai. Yanaangushwa na mambo matatu: hakimu hana kipato cha kupimia, sheria haimwambii kitu kuhusu muda, na amri ikishatolewa haina wa kuifuatilia. Tukibadili neno "mume" tukaweka "mwenza" na hayo matatu tukayaacha yalivyo, anayedai atarudi nyumbani mikono mitupu kama leo.

Ninayoyaandika yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar sheria hii haitumiki. Huko mashauri ya ndoa za Waislamu yana Mahakama ya Kadhi na sheria yake.

Madai matatu yasichanganywe

Kosa la kwanza hufanyika kabla shauri halijaanza kusikilizwa. Mdai anaandika kwenye maombi yake, "naomba matunzo shilingi laki sita kwa mwezi," basi. Laki sita za nani? Sheria inatambua vitu vitatu tofauti. Kuna mgawanyo wa mali zilizochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114. Hapo hoja ni mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kuna matunzo ya mwenza, chini ya kifungu cha 115, ambapo hoja ni uwezo wa mmoja na uhitaji wa mwingine. Na kuna matunzo ya watoto, ambayo siku hizi yana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Ukiviunganisha kwenye tarakimu moja, hakimu mara nyingi ataona watoto kwanza, atoe kiasi cha watoto, na dai lako wewe liishie hapo bila hata sentensi moja ya kulikataa. Madhara mengine huja baadaye. Matunzo ya mwenza hukoma anayelipwa akiolewa au akioa tena. Hicho ni kifungu cha 120. Matunzo ya watoto hayakomi kwa sababu hiyo. Kama amri inasema "laki sita" bila kutenganisha, siku mama akiolewa tena mlipaji atasimamisha zote, na watoto watarudi kwenye foleni ya mahakama kudai fungu lao. Kwa hiyo kwenye orodha ya mnachoomba, andika mistari mitatu, kila mmoja na kiasi chake na kifungu chake.

Kifungu cha 115 kinasema nini

Mahakama inaweza kumwamuru mwanaume alipe matunzo ya mke au aliyekuwa mke wake pale alipokataa au kupuuza kumtunza kama kifungu cha 63 kinavyomtaka. Pale alipomtelekeza, kwa muda wote wa kumtelekeza. Wakati shauri la ndoa likiendelea. Na wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka, au baada ya hapo. Limo pia jambo la nadra, la mke aliyetangazwa kuwa amekufa kisha akaonekana hai.

Watu hupitwa na mambo mawili hapo. Kwanza, huhitaji kuomba talaka ili udai matunzo. Aliyetelekezwa anaweza kufungua shauri la matunzo peke yake, na sharti la kupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo lipo kifungu cha 101, ni la anayeomba talaka. Pili, maneno "au baada ya hapo" yana maana yake: kama talaka ilishatoka na matunzo hayakuombwa, mlango haujafungwa.

Upande wa mke kumtunza mume, kifungu cha 115(2) kinaruhusu, lakini ni pale tu mume hawezi kujipatia riziki, kikamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya maradhi au jeraha la mwili au akili, na kipato cha mke kikiruhusu. Mume mzima wa afya aliyeacha kazi miaka minane alee watoto wakati mke yuko kazini hana pa kusimama. Kenya walishavuka hapo: kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 kinamtaja "mwenza", na Katiba yao ya 2010, ibara ya 45(3), inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Nasi tuandike hivyo hivyo. Marekebisho hayo ni ya mstari mmoja na hayana gharama kwa yeyote.

Kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu, matunzo baada ya talaka ni ya kipindi cha eda, isipokuwa mahakama ikiwa na sababu maalumu ambazo ni lazima iziandike. Eda ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Mawakili wengi huishia kwenye neno eda na kusahau hayo mengine. Sababu maalumu ipo kisheria, ila haiji yenyewe. Ni lazima uitaje kwenye maombi na uithibitishe: ugonjwa wa kudumu, umri mkubwa, mtoto mwenye ulemavu anayehitaji mtu wa kukaa naye siku nzima. Na dai la mutaa, yaani cha kumliwaza mwanamke aliyeachwa, ni jambo lake mbali na masurufu ya eda, liandike kivyake.

Njia ya kufuata kwa sheria iliyopo

Anayeomba talaka huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kila kata inapaswa kuwa na baraza, na yapo pia ya jumuiya za dini yaliyoidhinishwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayoeleza hivyo, Fomu Namba 3. Hati iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri, si zaidi.

Hapa ndipo mashauri mengi yanapovunjika mguu. Ofisi huandika barua ya kawaida, "tunawatuma wahusika mahakamani kwa hatua zaidi," yenye mhuri mzuri lakini bila kusema kwamba baraza lilikaa, liliwasikiliza na usuluhishi ulishindikana. Mahakama ya Rufani imekuwa ikifuta mwenendo mzima wa mashauri yaliyoanza bila hati halali. Fikiria mtu ameshinda Mahakama ya Mwanzo, ameshinda Wilaya, ameshalipwa matunzo, kisha yote yanafutwa aanze upya barazani. Kabla hujaondoka pale, soma hati. Iwe na majina ya wote wawili, tarehe ya kikao, na maneno kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Kama mwenzako aliitwa akakataa kuja, hilo nalo liandikwe. Kukataa kuja kwa makusudi ni mojawapo ya sababu zinazokuruhusu kwenda mahakamani bila kikao cha pamoja.

Baada ya hapo unafungua shauri. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka. Kwa mtu asiye na wakili na asiye na mali za kugombania sana, Mahakama ya Mwanzo ni nafuu na mambo yake ni mepesi. Pale ambapo utahitaji kuita nyaraka za benki au za mwajiri na mabishano ya kisheria ni mengi, Wilaya inafaa zaidi.

Usisubiri hukumu ndipo uombe matunzo. Kifungu cha 115 kinaruhusu amri wakati shauri likiendelea. Shauri likishasajiliwa, peleka maombi madogo yenye kiapo: tangu lini hupewi kitu, unaishi wapi, unahitaji nini mwezi hadi mwezi, mwenzako anafanya kazi gani. Mashauri ya talaka huahirishwa mara nyingi, na anayenyimwa chakula ndiye anayechoka kwanza na kukubali chochote.

Kipimo

Sasa kifungu cha 116, ambacho nadhani ndicho kiini. Kinasema mahakama, inapopanga kiasi, itazame hasa uwezo na mahitaji ya pande zote, na izingatie pia kiwango cha lawama cha kila mmoja katika kuvunjika kwa ndoa, pamoja na mila za jamii yao. Basi. Hakuna anayelazimishwa kuweka kipato chake mezani, wala hakuna orodha ya mambo ya kutazama.

Linganisha na Sheria ya Mtoto. Pale Bunge lilijitahidi: hakimu anatakiwa kuangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kujipatia kipato, majukumu ya mlipaji kwa watoto wengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Sheria hiyo hiyo ilifuta ile ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliyokuwa imefunga kiwango cha juu kwenye shilingi 100 kwa mwezi. Kwa watoto tulishajifunza kwamba tarakimu ya kudumu ndani ya sheria huozea humo, na kwamba kipimo kizuri ni orodha ya vitu vya kuthibitisha. Kwa mwenza bado.

Matokeo yake unayaona kwenye ushahidi. Mdai anasimama na kusema, "ana uwezo, ana maduka mawili." Mdaiwa anasema, "biashara ni mbaya." Hakimu anabaki kukisia, na anayekisia kwa tahadhari hukisia chini.

Mpaka sheria ibadilike, mzigo wa kuonyesha kipato ni wako. Kwa mwajiriwa, hati ya mshahara ndiyo nyaraka ya kwanza, lakini usikimbilie mstari wa mwisho. Soma kuanzia juu: mshahara wa msingi, posho, kisha makato. Makato ya lazima ni kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii (asilimia 5 ya mshahara kwa mwanachama wa PSSSF, na kwa kawaida asilimia 10 kwa wa NSSF), bima ya afya, na bodi ya mikopo ya wanafunzi kama anadaiwa, asilimia 15. Chini yake ndipo utakuta mkopo wa benki, saccos, na chama cha kuweka na kukopa cha ofisini. Mtu anayejua shauri linakuja huchukua mkopo mkubwa wa mshahara, na hati yake inaanza kusoma laki mbili mkononi wakati mshahara wa msingi ni milioni na zaidi. Omba mkataba wa mkopo uletwe, uonyeshe tarehe na fedha zilikokwenda. Mkopo uliojenga nyumba ya familia ni hoja moja. Mkopo uliochukuliwa wiki mbili baada ya wito wa baraza ni hoja nyingine kabisa, na hakimu akionyeshwa tarehe hizo mbili kwa pamoja huelewa mara moja.

Kwa mfanyabiashara, tafuta makadirio ya kodi ya TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, mkataba wa pango la fremu, taarifa ya benki na miamala ya simu. Makadirio ya kodi peke yake hayatoshi kwa kuwa wengi hukadiriwa chini ya mauzo yao. Ila kodi ya fremu haidanganyi. Anayelipa pango la laki nne kwa mwezi na kuwalipa vijana wawili hawezi kusema duka linamwingizia laki mbili. Kwa mkulima na mfugaji, hesabu kwa msimu: ekari ngapi, magunia mangapi, bei ya mnada au ya chama cha ushirika, kisha gawa kwa miezi 12.

Usiibe simu ya mwenzako ukapiga picha za miamala yake. Utaingia kwenye mgogoro wa faragha, na picha zenyewe zitapingwa. Omba mahakama itoe wito kwa benki, mwajiri au kampuni ya simu ilete nyaraka. Na taarifa unazochapisha kutoka kwenye simu yako mwenyewe, ziambatane na kiapo kinachoeleza zimetoka kwenye kifaa gani, nani alizichapa na lini.

Upande wa mahitaji, andika bajeti ya mwezi ambayo mtu yeyote wa mtaani kwako ataiona ya kweli. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke anapanga chumba na sebule kwa 150,000, chakula 240,000, umeme na maji 45,000, nauli 60,000, dawa za presha 40,000, simu 15,000, mavazi na dharura 50,000. Jumla 600,000. Genge lake linamwachia 180,000. Upungufu wake ni 420,000. Mume, baada ya makato ya lazima, anabaki na 1,300,000. Matumizi yake ya lazima ni 620,000 na ameshaamriwa 300,000 za watoto. Kinachobaki ni 380,000. Kuomba 420,000 hapo ni kuomba kitakachokataliwa. Kuomba 300,000 hadi 350,000, ukionyesha hesabu ya pande zote mbili, ni kumpa hakimu kazi iliyokwisha kufanywa nusu.

Ninachotaka kiandikwe kwenye kifungu cha 116 ni sharti moja: kila upande uwasilishe kiapo cha kipato, mali na madeni, pamoja na nyaraka za miezi 12 iliyopita, ndani ya siku 21 tangu dai la matunzo lifunguliwe, na asiyewasilisha, mahakama iruhusiwe kukadiria kipato chake kwa kutazama maisha anayoishi. Mahakama za Kenya zimezoea kuwataka wahusika walete viapo vya namna hiyo. Jambo hili halihitaji fedha za bajeti. Linahitaji fomu ya kurasa mbili tatu kwa Kiswahili.

Kuhusu lawama, ningeipunguza sana. Tangu 1971 talaka yetu inasimama juu ya ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika, lakini kwenye matunzo lawama bado imo, na kikao cha kupima kodi ya nyumba kinageuka kikao cha nani alilala wapi. Ibaki kwa mambo yanayogusa uwezo wenyewe: aliyemjeruhi mwenzake hata akashindwa kufanya kazi, aliyeficha au kuuza mali kwa siri. Na neno "mila" lingeondoka. Kwenye mila nyingi mwanamke aliyeachika hurudi kwao na sanduku lake; mali tulishaitoa huko mwaka 1983, na matunzo nayo hayana sababu ya kubaki.

Muda

Sheria yetu inasema amri hukoma lini, lakini haisemi ipangwe kwa muda gani. Matunzo yasiyo na dhamana ya mali hukoma mmoja wao akifa. Yaliyowekewa dhamana hukoma akifa anayelipwa. Yote hukoma anayelipwa akifunga ndoa nyingine. Katikati hapo ni busara ya hakimu, na busara hiyo hutofautiana kutoka chumba hadi chumba cha mahakama.

Marekani wamelipigania hili zaidi ya miaka kumi, na majimbo mawili yanafaa kutazamwa. Massachusetts, kwa sheria ya 2011 iliyoanza kutumika Machi 2012, iliweka ukomo kulingana na urefu wa ndoa: ndoa isiyozidi miaka 5, matunzo yasizidi nusu ya miezi ya ndoa, hadi miaka 10, asilimia 60, hadi 15, asilimia 70, hadi 20, asilimia 80, zaidi ya hapo hakuna ukomo wa lazima. Florida ilifuta matunzo ya maisha kuanzia Julai 2023. Matunzo ya muda hayatolewi kwa ndoa ya chini ya miaka 3, na kwa ndoa ya miaka 20 au zaidi hayazidi asilimia 75 ya urefu wake. Kiasi hakizidi uhitaji halisi au asilimia 35 ya tofauti ya vipato halisi, kile kilicho kidogo.

Ukiweka mfano wetu kwenye kanuni ya Florida, tofauti ya vipato ni 1,120,000, na asilimia 35 yake ni 392,000. Ukiishika tarakimu hiyo kama ilivyo, umeipita ile 380,000 inayobaki baada ya fungu la watoto. Ndiyo maana naona asilimia ya kiasi haitufai, hasa ambapo wengi hawana mshahara wa kila mwezi. Ila mwongozo wa muda unatufaa, na ningeuandika kwa namna hii: ndoa fupi, matunzo ya kujijenga, yenye mpango ulioandikwa, kwa mfano miezi 12 ya kozi ya ufundi VETA na miezi 6 ya kuanza kazi, ndoa ndefu, au mdai aliyezeeka au mgonjwa, muda usiwe na ukomo ila uweze kupitiwa upya. Hakimu akitoka nje ya mwongozo aandike sababu.

Tusisahau njia ya mkupuo, ambayo tayari ipo kifungu cha 118. Wawili wanaweza kukubaliana kiasi kimoja, fedha au mali, kifute madai yote ya baadaye. Kwa dereva wa bodaboda au mkulima, kutoa kiwanja, ng'ombe wanne au mtaji wa milioni tatu kunawezekana kuliko kumkimbiza kila mwezi. Sharti ni kwamba makubaliano hayana nguvu mpaka mahakama iyaidhinishe. Karatasi iliyosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi sita haimlindi aliyelipa. Anaweza kudaiwa tena. Ipeleke mahakamani iandikwe kama amri.

Amri inayokazika

Amri nyingi huandikwa, "mdaiwa atamtunza mdai kadiri ya uwezo wake." Amri hiyo haikaziki, yaani mahakama haiwezi kulazimisha itekelezwe, kwa kuwa hakuna anayejua lini imevunjwa. Kabla hukumu haijasomwa, mkononi mwa hakimu kuwe na ombi lenye vitu vitano: kiasi, tarehe ya mwezi, njia ya kulipa (namba ya akaunti au ya simu), mwezi wa kuanza, na mwezi wa kwisha au wa kupitiwa upya. Malipo yasipite mkononi, hata kama mnaelewana. Mlipaji anayelipa taslimu bila risiti hujikuta anadaiwa mara mbili, na mlipwaji anayepokea kidogo kidogo hushindwa kuonyesha pengo.

Asipolipa, unaomba kukaza hukumu. Andika jedwali la miezi, kilichotakiwa, kilicholipwa, kilichobaki. Omba njia inayolingana na mali yake: kukamata mali, kuzuia fedha benki, kukata mshahara. Kifungo cha madeni kipo, lakini nakiona dhaifu kwa matunzo, kwani aliye ndani haingizi kitu. Na usiache malimbikizo yalundikane miaka. Ombi la miezi miwili mitatu hushughulikiwa haraka, ombi la miaka mingi huzaa shauri jipya.

Kinga bora zaidi ipo kifungu cha 117 na haitumiki inavyostahili. Mahakama inaweza kuamuru mali iwekwe chini ya wadhamini ili kipato chake kilipe matunzo. Mume mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, vyumba viwili vikiwekwa chini ya amri hiyo, wapangaji wanalipa moja kwa moja na hakuna wa kumbembeleza. Marekebisho yanayotakiwa hapa ni madogo: kwa mwajiriwa, amri ya matunzo iende kwa mwajiri siku hiyo hiyo inapotolewa, bila kusubiri kwanza akose kulipa.

Hali ikibadilika, kifungu cha 121 kinaruhusu kuomba amri ibadilishwe au ifutwe: kupoteza kazi, kuugua, mdai kupata ajira, au kugundulika kwamba kipato kilielezwa kwa uongo. Anayepoteza kazi aende mahakamani mwezi huo huo na barua ya kuachishwa. Kunyamaza na kuacha kulipa hakusimamishi deni.

Sheria mpya na amri za zamani

Yeyote atakayeandika muswada afikirie mapema amri zilizokwisha kutolewa. Florida walikwama hapo. Mswada wa 2013 ulipigwa turufu na gavana, na wa 2022 vilevile, hoja kubwa ikiwa kwamba ungegusa makubaliano ya zamani ambayo watu walishapanga maisha yao juu yake. Massachusetts walikwenda kwa zamu: waliolipa kwa ndoa zisizozidi miaka 5 waliruhusiwa kuomba ukomo mpya kuanzia Machi 2013, hadi miaka 10 Machi 2014, hadi 15 Machi 2015, na hadi 20 Septemba 2015, mahakama zisizidiwe kwa mkupuo.

Kwetu ningeandika hivi: amri za zamani zibaki kama zilivyo, mwongozo mpya wa muda usiwe peke yake sababu ya kuzibadilisha, na maombi yote ya mabadiliko yaendelee kupita kifungu cha 121 kwa kuonyesha hali iliyobadilika. Makubaliano ya mkupuo yaliyokwisha kuidhinishwa yasifunguliwe kabisa. Bali sharti la kiapo cha kipato lianze mara moja kwa kila shauri lililo mahakamani siku sheria inapoanza, hata lile ambalo ushahidi wake umeshaanza kusikilizwa.